Filamu ya taharuki ya mtaji mdogo ikizomewa kibanda umiza, mkosaji nani?

MLETA MADA: Wadau wa Mwanza, watengenezaji wetu wanadai mtazamaji wa vibanda umiza (vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu) vya Igoma au Mabatini amezoea risasi, taharuki ya polepole haimwingii. Mimi nasema tatizo ni picha haionekani na sauti haisikiki. Karibuni.

FUNDI SAUTI: Sahihi kabisa. Kila mtu anataka mandhari ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, na mchana upepo unavuma kutoka ziwani. Maiki iliyobaki juu ya kamera, mita tatu toka kwa mwigizaji, inanasa upepo, injini za mitumbwi na bodaboda. Ule mnong'ono wenye siri ya hadithi unamezwa. Maiki ifungwe kwenye fimbo ndefu, sentimita 40 hivi juu ya kichwa, nje ya fremu, ivikwe manyoya ya kuzuia upepo. Kilele cha sauti kiishie karibu na -12 dB kwenye kipimo cha kinasa sauti, isije ikapasuka. Kabla ya kuhama, wote wanyamaze sekunde 60 urekodi hewa ya pale. Bila hiyo kila mkato utasikika.

MWENYE KIBANDA: Na usiku wenu! Mhariri anapima giza chumbani kwenye skrini kali. Kibandani ni saa tisa mchana, projekta imechoka, bati lina matundu: watu wanaangalia ukuta mweusi. Mkipandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kufidia, picha zinajaa chenga. Pigeni picha za usiku jua likishazama tu, mnazo kama dakika 20 anga likiwa bado la bluu.

MPINZANI: Mnaabudu vifaa. The Blair Witch Project, filamu ya kutisha ya mtaji mdogo ya 1999, picha yake ilitikisika mpaka baadhi ya watu wakapata kichefuchefu, na watazamaji waliohojiwa Marekani ilipoanza kuonyeshwa waliipa C+, alama ya chini. Bado ilikusanya karibu dola milioni 248, maana watu walitaka kujua yaliyowapata wale vijana watatu waliopotea msituni. Zetu muuaji anajulikana dakika ya kumi, kisha ni ugomvi wa sebuleni. Nani akae?

FUNDI SAUTI: Mkuu, umejijibu. Filamu ile hofu yake imebebwa na sauti za msituni usiku. Picha ilitikisika, sauti ilisikika.

MPINZANI: Sibishi hapo. Ila maiki nzuri haitibu mazungumzo mabovu.

MWENYE KIBANDA: Basi kabla hamjafunga uhariri, leteni dakika 30 za mwanzo zijaribiwe mchana, kwa spika za kibandani. Msiulize mtu kama ameipenda, atawasifu tu. Andikeni watu wanaanza kutoka dakika ya ngapi.