Vifurushi vya king'amuzi mbona chaneli zinahamahama hivi?

Baba_Neema_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni, niko Nkuhungu hapa Dodoma, naombeni ushauri kabla sijalitupa hili dishi korongoni. Mwaka juzi nilikuwa nalipa 16,000 kwa mwezi, mpira upo, tamthilia zipo, katuni za watoto zipo. Ikaja meseji bei ni 18,000, nikasema sawa, hata unga umepanda. Mwezi huu nimelipa 20,000, mama mkwe kaja kutoka Mpwapwa, saa moja na nusu kakaa kwenye mkeka na karanga zake anasubiri tamthilia, kioo kinaandika chaneli hii haipo kwenye kifurushi chako. Akageuka akaniuliza taratibu, "Baba Neema, kwani hamjalipia?" Yaani mkwe wangu!! Nikatoka nje nikajifanya naangalia dishi.

Napiga huduma kwa wateja nasikiliza muziki weee mpaka sikio linauma, dada anakuja kuniambia chaneli imehamia kifurushi cha juu, niongeze 9,000. Bei ipande naelewa, ila unapandisha bei halafu unanyofoa na nyama kwenye sahani? Nihame au huko nako ni yaleyale?

mzee_wa_kona
Pole mkuu ila hapo kwa mkwe nimecheka sana. Mi nilishaachana nayo, kibanda umiza cha huku kwetu Kizota mechi kubwa 1,000 za kawaida 500, mwezi mzima sifikishi hata 8,000. Kasoro tu mama watoto haamini kwamba mpira unaisha saa saba usiku.

Fundi Antena
Kaka usihame kwa hasira. Kwanza soma kioo vizuri, ikiandika hakuna signo hiyo ni ya dishi, huu upepo wetu wa Dodoma ukilisukuma kidogo tu imeisha hiyo, nimeshaitwa mpaka Ipagala mtu ameongeza kifurushi mara mbili kumbe dishi linaangalia kwa jirani. Ila ya kwako ni wao wamehamisha, hapo hata mimi sina spana ya kufungulia.

Ninachowaambiaga wateja ni kutenganisha vitu. Tulivyohama analojia kwenda dijitali mwanzoni mwa 2013 ving'amuzi vya antena vilibebeshwa sharti la kuonyesha chaneli za bure za nyumbani, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, hata kifurushi kikiisha. Vya dishi leseni zao zilikuwa za kulipia, ndo maana 2018 kukawa na ule mvutano chaneli za bure zikaondolewa huko. Kwa hiyo kaantena kwa ajili ya taarifa ya habari, na dishi ulipie mwezi wenye mechi zako tu.

Dada wa Area C
Ushauri wa fundi mzuri ila na nyie msinyamaze jamani. Piga tena, lalamika rasmi, dai namba ya malalamiko uiandike, na ile meseji ya bei usiifute. Wakikuzungusha panda TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ofisi ya kanda iko hapahapa Dodoma hata nauli ya basi huhitaji. Bei huenda wasishushe, ila kuondolewa kitu ulichokwisha kulipia katikati ya mwezi hilo ni la kuuliza. Wengi tunaishia kulalamika kwenye bodaboda.

Baba_Neema_Nkuhungu
Asanteni wakuu. Dada namba ya malalamiko nimeshapata, nimeiandika nyuma ya kalenda. Fundi njoo inbox tuongelee hiyo antena. Mama mkwe yeye tangu juzi anaenda kuangalia kwa jirani, jana karudi saa tatu anamwambia binti yake kwamba kule hata picha inang'aa kuliko ya kwetu.