Mstari wa Rac1 unapotea baada ya TcdB: imevunjwa au imefichwa?

Swali
Seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu za maabara) zilizowekewa TcdB, sumu ya bakteria Clostridioides difficile, zinakuwa duara, na kwenye westani bloti (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili) mstari wa Rac1, protini inayoongoza nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo, unafifia hadi kutoweka. GAPDH, protini ya kulinganishia, haibadiliki, na MG132, dawa inayozuia seli kuvunja protini zake, hairudishi kitu. Kingamwili ya Rac1 niliyotumia ni kloni 102. Je, sumu hii inavunja Rac1?

Jibu 1
Haivunji. TcdB huchukua glukosi kutoka kwenye UDP-glukosi (molekuli inayobeba glukosi ndani ya seli) na kuibandika kwenye asidi amino ya 35 ya Rac1, threonini (kwa RhoA, protini ndugu yake, ni ya 37). Hapo ndipo Rac1 inaposhikana na protini inazoziamuru. Ikishabebeshwa glukosi haishikani nazo, nyuzi za aktini zinasambaratika, seli inajikunja. Kloni 102 nayo hushika eneo hilohilo, ndiyo maana haioni kitu. Rudia kwa kloni 23A8, ambayo huona Rac1 yenye glukosi na isiyo nayo. Usitarajie mstari kupanda: glukosi huongeza daltoni 162 tu kwenye protini ya kilodaltoni 21.

Jibu 2
Sahihi, ila chunga dozi. TcdB ikizidi huua seli kwa nekrosisi (kifo cha kupasuka) isiyohitaji glukosi hata kidogo, na hapo bloti yako haielezi chochote. Weka kidhibiti cha TcdB yenye D286N na D288N (aspartati za 286 na 288 zimebadilishwa kuwa asparajini), inayoingia ndani ya seli lakini haibandiki. Osha seli, kisha zivunje moja kwa moja kwa bafa ya SDS (sabuni kali inayozima protini) iliyochemka. Kwenye bafa laini sumu iliyobaki inaweza kuendelea na kazi.

Muulizaji
23A8 imeonyesha mstari kamili. Sasa nataka kuthibitisha threonini ya 35 kwa spektrometria ya masi, lakini tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, hainipi peptidi (kipande) ya eneo hilo.

Jibu 3
Haiwezi kukupa kirahisi. Tripsini hukata baada ya lisini na arginini, ila si zikifuatwa na prolini. Baada ya lisini ya 16, inayofuata ni ya 49, nayo imefuatwa na prolini, kwa hiyo unabaki na peptidi ya asidi amino 50, kutoka 17 hadi 66. Tumia Glu-C, kimeng'enya kingine, kwenye bafa ya fosfeti: hukata baada ya glutamati ya 31 na aspartati ya 38, ukapata YIPTVFD. Tafuta m/z (masi kwa chaji) 854.43 ikiwa tupu, 1016.48 ikiwa na glukosi. Glukosi huanguka kirahisi peptidi ikigonganishwa, hivyo vipande havitakuonyesha ilikuwa wapi. Wanaoweza kuibeba humo ni threonini ya 35 na tirosini ya 32. Ili kuiondoa tirosini kwenye hesabu, jaribu Rac1 yenye T35A (threonini ya 35 imebadilishwa kuwa alanini) pamoja na TcdB na UDP-glukosi kwenye tyubu.