Mrejesho: leza ya kujitengenezea, duara lililokuwa linatoka yai

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza kuhusu mashine yangu ya kukata kwa leza (tyubu ya CO2 ya wati 40, na Arduino, kibao cha kielektroniki kinachoongoza mota, yenye programu ya GRBL): duara linatoka kama yai, kona zinaungua, na upande wa mbali plaiwudi ya mm 3 haikatiki.

Aliyesema niachane na programu nishike bisibisi, nakupa tano. Puli (gurudumu la mkanda) ya mota ya X, ile ya kushoto na kulia, ilikuwa inacheza; skrubu yake haikukaa kwenye ubapa wa shafti, hivyo mota ikigeuza mwelekeo mkanda unachelewa. Nilichora mstari mmoja wa kalamu kupita puli na shafti, nikaendesha, vipande vya mstari vikaachana. Nimekaza, yai limekwisha.

Kona: kwenye GRBL niliweka $32=1 (hali ya leza), halafu amri ya M4 badala ya M3 inayoacha nguvu ileile. Kichwa kikipunguza mwendo, nguvu nayo inapungua. Basi.

Upande wa mbali ndio ulinitoa jasho. Mwanga hufika kwenye kichwa kwa kuakisiwa na vioo; vikikaa vibaya, kichwa kikienda mbali unakosa shabaha. Vaa miwani ya leza, bandika tepu ya karatasi mbele ya kioo kinachopokea, piga leza kidogo kichwa kikiwa karibu, kisha mbali. Matundu yakiachana, rekebisha kioo kinachotuma mwanga. Tena vumbi letu la Dodoma, kiangazi hiki upepo ukivuma, linaganda kwenye lenzi na kula nguvu. Sasa nafunika mashine kwa kanga ya mke wangu (hajajua bado).

Uliyetaka nikukatie vibao vya PVC, hapana mkuu. Ikiungua inatoa gesi ya asidi, inaumiza mapafu na kutia reli kutu. Lete akriliki.