Kitabu cha majahazi: nimalize mswada au niwaandikie wachapishaji sasa?

Mwana wa Kibokoni: Assalaam aleikum. Nina mahojiano ya mafundi wa majahazi wa hapa Mombasa na Lamu, na picha za zamani. Nimeandika sura 5 kati ya 10. Nipeleke nini kwa mchapishaji?

Kalamu ya Pwani: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Riwaya humalizwa kwanza. Kitabu cha maarifa kama hiki waweza kukitafutia mchapishaji kwa pendekezo na sura 2 zilizokamilika. Lakini soma masharti ya kila mmoja, maana wapo wanaotaka mswada mzima, na mswada wa nusu hawausomi.

Pendekezo lianze na muhtasari wa kurasa 2. Hapo ndipo wengi huanguka: "Kitabu hiki kinahusu historia ya majahazi." Hiyo ni mada, haijawa kitabu. Sema kinajibu swali gani, kwa mfano fundi asiyechora ramani anajuaje umbo la chombo kabla ya kuweka mataruma, yaani mbavu zake. Upande wa wasomaji, usiandike "kila mtu". Taja wanafunzi wa historia, makumbusho, wageni wa Fort Jesus. Kisha vitabu 4 au 5 vinavyokaribiana na chako, na chako kinaongeza nini. Ukidai hakuna kinachofanana, mhariri ataona hukutafuta, au hakuna wanunuzi. Kila sura ipe aya moja, hata zile hujaziandika. Wasifu wako, nusu ukurasa yatosha.

Bi Mhariri: Sura ya mfano isiwe utangulizi, tafadhali. Peleka ile ya kalafati: pamba inavyotiwa mafuta, ikasokotwa, ikashindiliwa kwa nyundo baina ya mbao hadi maji yasipate njia. Mhariri akiuona mkono wa fundi hapo, atakuamini kwa sura zilizobaki.

Na picha! Kuwa nayo si kuwa na haki ya kuichapisha. Omba ruhusa ya maandishi mapema, kwa sababu mikataba mingi humtwika mwandishi gharama ya ruhusa hiyo. Mafundi uliowahoji nao watie saini idhini.

Mwana wa Kibokoni: Shukran sana. Naweza kupeleka kwa wawili kwa pamoja?

Kalamu ya Pwani: Waweza, kama masharti yao hayakatazi, ila waambie wote. Na mkataba ukija, uliza mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, wahesabiwa juu ya nini. Kitabu cha shilingi 1,000, duka likikata asilimia 40, mchapishaji hupokea 600. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 100. Asilimia 10 ya mapokezi ya mchapishaji ni 60. Hilo liulize kabla hujatia saini, yakhe.