Nyumba ndogo ya zamani, kiwanja kikubwa Raskazone (Tanga): tunaipimaje kabla ya kulipa?

mwalimu_tga

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba msaada wenu kabla mume wangu hajatoa malipo ya awali.

Kuna nyumba inauzwa Raskazone hapa Tanga. Haigusi bahari, kuna barabara na safu moja ya nyumba katikati. Kiwanja kwenye ramani ya hati ni mita za mraba 1,870. Nyumba yenyewe ni ndogo mno kwa eneo hilo: vyumba viwili, sebule, veranda iliyozibwa kwa wavu, jiko na stoo vipo uani kwenye kibanda chao. Wenyewe wanasema ilijengwa kabla ya Uhuru. Kuta ni nene, mkono wangu hadi kiwikoni unalala kwenye kizingiti cha dirisha. Sakafu ni ya saruji nyekundu na sebuleni bado inang'aa. Mabati yameshika kutu upande unaopigwa na upepo wa bahari. Chini ya madirisha rangi imebanduka na ukuta unatoa unga mweupe, ukipitisha kiganja unabaki nao. Uani kuna miembe miwili mikubwa na mwarobaini.

Wanataka milioni 165. Dalali anasema nyumba tusiihesabu, "mnanunua ardhi, hicho kibanda mtavunja." Papo hapo anasema bei haishuki kwa sababu bomba la mafuta la kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kwa hiyo Raskazone itapanda. Mume wangu anaelekea kukubaliana naye. Mimi nyumba nimeipenda, ila sitaki mapenzi yaniponze. Fedha ni akiba yetu na mkopo wa saccos, hatuna uwezo wa kununua na kujenga kwa mpigo. Tuna watoto watatu.

Wauzaji ni ndugu wanne, baba yao alifariki. Hati ipo, nimeishika mkononi, ni ya mwaka 1995.

jenga_kisasa

Dada, vunja. Mita 1,870 Raskazone halafu ukae kwenye vyumba viwili? Nyumba hizo zinakula fedha kila mwaka, leo bati, kesho dari, kesho kutwa choo. Piga chini, jenga apatimenti nne, kodi yake ilipe mkopo. Ardhi haiozi.

mzee_wa_kenchi

Marahaba mwanangu. Nimekagua majengo ya halmashauri miaka mingi, na baada ya kustaafu nimetengeneza nyumba za zamani hapa Tanga na Pangani. Kijana aliyetangulia amesema yake, lakini umeshaeleza kwamba fedha ya kujenga haipo. Ukivunja nyumba inayokalika huku huna ya kujengea nyingine, utabaki na miembe na rejesho la mkopo, tena na kodi ya nyumba unayopanga sasa.

Anza na karatasi, maana hapo ndipo naona hatari kubwa kuliko ukutani. Hati ya 1995, umeangalia ni ya miaka mingapi? Hati zetu nyingi ni za 33, 66 au 99. Ikiwa ni ya 33, inaisha 2028. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana, lakini ni kazi na gharama, na iwe juu ya muuzaji, isiwe zawadi anayokuachia. Pili, jina lililo kwenye hati ni la marehemu. Ndugu wanne kukubaliana barazani hakutoshi. Awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kisha hati isomeke kwa jina lake kama msimamizi, ndipo akuuzie. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa uone kama kuna rehani au zuio. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi. Kiwanja kikubwa malimbikizo yake nayo ni makubwa, kwa kuwa kodi hiyo inakwenda kwa mita.

Sasa nyumba. Kwa unene uliousema, hizo ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ule unga mweupe ni chumvi. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu wa ardhini na kuutoa wenyewe. Baadaye anakuja fundi na plasta ya saruji, juu yake rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ibanduke. Watu wengi wakiona hivyo wanasema ukuta umeoza, wakati mara nyingi kilichokufa ni plasta tu. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni hadi kifuani, chumba kwa chumba. Pale panapojibu kama debe tupu, plasta imeachana na ukuta. Dawa yake ni kubandua ile saruji, kuuacha ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha kupiga plasta ya chokaa na mchanga usio na chumvi. Usikubali fundi akuletee mchanga wa ufukweni, na usimruhusu kuziba kwa saruji tena "ili ishike vizuri." Nimeona nyumba ikizibwa hivyo kila baada ya mvua za masika, na kila mwaka ukuta unapungua.

Cha kuogopa ni ufa. Tafuta nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za madirisha, hasa upande wa miembe. Ukiupata, waombe wenyewe ubandike kipande chembamba cha plasta juu yake, andika tarehe, rudi baada ya wiki kadhaa. Kikikatika, msingi bado unatembea na bei ibadilike sana.

Juu, panda darini na tochi na bisibisi. Usiangalie katikati ya kenchi, katikati huwa pazuri. Choma ncha za mbao pale zinapolala juu ya ukuta, ndipo maji ya kutu na mchwa hukutana. Bisibisi ikizama bila nguvu, hesabu paa jipya, mbao na bati. Ikigoma, hesabu bati na misumari. Angalia kibanda cha jiko nacho: kama paa lake ni la yale mapande ya kijivu yenye mawimbi makubwa, yaani asbesto, asiguse mtu kwa msumeno wala nyundo. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na kuliondoa ni kazi ya wenye ujuzi huo. Umeme hesabu kufunga upya, hilo halina mjadala.

mpimaji_kijana

Niongeze la kiwanja, mzee ameshamaliza nyumba. Mwalimu, kaangalie nyumba imekaa wapi. Hiyo ndiyo itakwambia kama mita 1,870 ni mali au ni eneo la kufagia. Ikiwa katikati, unachobaki nacho ni vipande vyembamba pembeni ambavyo huwezi kuvigawa bila kuivunja. Ikiwa imesogea upande mmoja au imekaa mbele na pembeni pana nafasi ya gari kupita kwenda nyuma, hapo una kiwanja cha pili ndani ya hicho kimoja. Kugawa kunahitaji kibali cha halmashauri, mchoro wa mipango miji na upimaji mpya, na kila kipande lazima kiwe na njia yake. Uliza pia shimo la choo liko wapi. Mara nyingi liko nyuma, palepale unapotaka kugawa.

Bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zitafutwe zote kwa kifaa, msiamini fensi ya michongoma. Kwenye viwanja vikubwa vya zamani jirani huwa ameshasogea.

Na kuhusu bei: uliza viwanja viwili vitatu *vilivyouzwa* karibu hapo, siyo vinavyotangazwa. Tuseme cha mita 600 kimeuzwa milioni 60, ni laki moja kwa mita. Dalali atazidisha laki hiyo mara 1,870 akuambie milioni 187, kwa hiyo 165 ni bahati yako. Hesabu hiyo haisimami. Kiwanja kikubwa bei yake kwa mita hushuka, kwa sababu wenye uwezo wa kukichukua kizima ni wachache. Inakaribia ile ya viwanja vidogo pale tu kinapogawika kweli, na hapo upunguze gharama za kugawa. Bomba la Chongoleani lisikulipishe leo.

mwalimu_tga

Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimerudi na mume wangu. Hati ni ya miaka 33 kuanzia 1 Julai 1995. Msimamizi wa mirathi hawajateua. Nyumba imesogea kushoto, kulia kuna nafasi tumeipima kwa hatua, lori linapita hadi nyuma. Kenchi bisibisi imegoma isipokuwa ncha mbili juu ya veranda. Ufa mmoja upo chumba cha nyuma, karibu na mwembe, tumebandika plasta na kuandika tarehe.

Mume wangu amekubali tusivunje. Ila dalali anataka milioni kumi ya kushikilia, anasema kuna mteja mwingine.

mzee_wa_kenchi

Mlipe nani, mwanangu? Msimamizi hayupo, kwa hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kupokea hata shilingi. Waambie ndugu wale mko tayari, waende mahakamani kwanza. Huo muda wa kusubiri ndio utakaowapa jibu la ufa. Wakirudi na barua ya uteuzi, mwite mthamini aliyesajiliwa aandike ardhi mbali na nyumba mbali, kisha mpunguze humo gharama za plasta, bati, umeme na za kuhuisha hati, ndipo mseme bei yenu. Mteja mwingine akiwepo naye atamsubiri msimamizi huyohuyo.