Je, habari za teknolojia zinaweza kujadiliwa bila kugusa siasa? Naomba ushauri kwa ajili ya mdahalo wa wanafunzi

Mwalimu wa Moshi

Ndugu zangu, salaam.

Ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari hapa Moshi, na ninasimamia pia mdahalo wa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Muhula huu wanafunzi wenyewe wamechagua kujadili habari za teknolojia zinazoihusu nchi yetu, yaani usajili wa laini za simu, tozo za miamala, kukatika kwa intaneti na ulinzi wa taarifa binafsi. Baadhi ya wazazi na walimu wenzangu wameniomba nihakikishe kwamba mjadala unabaki kwenye teknolojia na hauingii kwenye siasa, kwa hoja kwamba kijana akishazoea kuchagua upande hatakuwa tena na subira ya kujifunza jinsi mtambo unavyofanya kazi.

Hofu hiyo ina msingi. Mada ya kwanza ilihusu usajili wa laini kwa alama za vidole, na haikuchukua muda upande mmoja ukawa unaitetea Serikali na mwingine unailaumu, wala hakuna aliyeeleza alama ya kidole inalinganishwaje na kumbukumbu zilizopo. Hata hivyo, kila ninapojaribu kuiondoa siasa katika mada hizi naona hakibaki kitu cha kujadili, kwa sababu uamuzi wa kusajili laini kwa namna ile ulifanywa na watu wenye mamlaka, haukufanywa na mashine. Naomba mnisaidie kuona mpaka uwekwe wapi, na mnipe mifano ya kweli ambayo vijana wanaweza kuichambua.

Mhandisi wa Njiro

Mwalimu, heshima kwako. Nimefanya kazi ya mitandao kwa miaka mingi hapa Arusha, na ninawaunga mkono wazazi hao kwa kiasi fulani. Siasa ikitangulia, watu huacha kuuliza ni nini hasa kilichotokea.

Chukua mfano wa Mei 12, 2024. Intaneti ilizorota ghafla nchini, na nilisikia watu wengi wakisema kwa uhakika kamili kwamba imezimwa makusudi. Ukweli ni kwamba kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimepata hitilafu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia hupitia kebo hizo, tuliumia pamoja na majirani zetu. Aliyetaka kujua hakuhitaji cheo chochote serikalini. Ilitosha kuuliza kama Kenya, Uganda na Rwanda nao wamepata shida saa ileile.

Sasa linganisha na Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu. Safari ile baadhi ya huduma, kama Twitter na WhatsApp, ndizo zilizokuwa hazifunguki, ilhali kurasa nyingine zilifunguka, na aliyekuwa na VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye mtambo ulio nchi nyingine, alipita. Kebo iliyokatika haichagui programu. Ukiona huduma moja imefungwa na nyingine inafanya kazi kwa kasi yake ya kawaida, unajua kuna mtu ameweka kizuizi. Halafu kuna Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ambapo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo hata VPN haikusaidia, kwa sababu VPN yenyewe huhitaji intaneti ili ifanye kazi.

Matukio haya matatu, kwa mtu aliyeshika simu mkononi, yanafanana sana. Kwa mhandisi ni matukio matatu tofauti kabisa, na kila moja lina alama zake zinazoweza kukaguliwa. Ningekuwa mimi, ningewapa wanafunzi dalili tu, bila tarehe wala majina, niwaache watambue ni tukio la aina gani, na asiruhusiwe mtu kumlaumu yeyote kabla hatua hiyo haijakamilika. Baada ya hapo waulize kwa nini, na hapo siasa itaingia kwa haki yake.

Wakala wa Mbuyuni

Mwalimu na Mhandisi, nawasalimu. Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu karibu na soko la Mbuyuni, na ninaomba kuzungumzia tozo, kwa sababu niliiona ikifika dirishani kwangu.

Tozo ya Serikali kwenye miamala ya fedha kwa simu ilianza kukatwa Julai 15, 2021. Kiwango chake kilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na ukubwa wa muamala, na ilikatwa kwa anayetuma na tena kwa anayetoa, juu ya ada ya kawaida ya kampuni ya simu. Mama aliyezoea kutumiwa fedha na mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuja dirishani, akahesabu alichopokea, akaniuliza mimi kwa nini nimemkata. Nilikuwa nikimweleza kwamba fedha hiyo haikubaki kwangu wala kwa kampuni, lakini wengi hawakunisadiki. Baadhi ya wateja wangu walirudia njia ya zamani ya kumkabidhi dereva wa basi bahasha.

Katika suala hilo, Mhandisi, teknolojia haikubadilika hata kidogo. Menyu ya simu ilikuwa ileile, namba ya siri ileile, ujumbe wa kuthibitisha muamala uleule. Kilichobadilika ni kifungu kilichoingizwa kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, pamoja na kanuni za Waziri wa Fedha zilizotaja viwango. Mwanafunzi atakayejadili fedha za simu bila kugusa kifungu hicho hataweza kueleza kwa nini wateja wangu walipungua mwezi ule.

Na ninataka vijana wasikie sehemu iliyofuata, kwa sababu inanipa matumaini hadi leo. Watu walilalamika kwa hesabu, muamala kwa muamala, wakionyesha anayetuma kiasi fulani atakatwa kiasi gani na anayepokea atabakiwa na ngapi. Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, hivyo kiwango cha juu kikawa shilingi 7,000. Bajeti ya mwaka 2022/23 ikakishusha hadi shilingi 4,000. Waliokuwa wanaitetea nao walikuwa na hoja nzito, kwamba fedha hizo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na hoja hiyo isidharauliwe kwenye mdahalo. Lakini bila ule ubishani, ambao bila shaka ulikuwa wa kisiasa, sioni ni nani angekaa kupunguza kiwango kile.

Mwanasheria wa Arusha

Mwalimu, ninaomba nirudi kwenye mada yenu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayonigusa zaidi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ulianza Mei 2019. Mwisho wake ulikuwa Desemba 31, 2019, kisha ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na watu walipanga foleni ndefu mbele ya ofisi za NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, ili laini zao zisifungwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Ukihesabu, utaona kwamba alama za vidole za mamilioni ya watu zilikusanywa na kutumika kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuwapo sheria mahususi inayosema nani anaruhusiwa kuzitunza, kwa madhumuni gani, na mwananchi alalamike wapi zikitumika vibaya. Mashine ya kusoma vidole ingefanya kazi vilevile hata kama sheria ingetangulia. Kuanza na vidole na kumalizia na ulinzi ni chaguo, na chaguo hilo lina wenyewe.

Kwa hiyo ninatofautiana kidogo na Mhandisi anaposema siasa ingoje mpaka uchunguzi wa kiufundi ukamilike. Katika usajili wa laini, mambo hayo mawili yalitembea pamoja tangu siku ya kwanza. Mpaka ninaouona mimi ni kati ya siasa za vyama na maamuzi ya mamlaka. Siasa za vyama ziachwe nje ya darasa lako, na wazazi wako sahihi kabisa kulidai hilo. Maamuzi ya mamlaka yanayoamua bei ya kifurushi, masharti ya leseni na muda wa kutunza taarifa zetu hayawezi kuachwa nje, kwa sababu mwanafunzi wako anaishi ndani yake kila anapowasha simu.

Mfano mwingine ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya ada ya mwaka. Kuanzisha blogu ni kazi ya jioni moja na kwa kiufundi karibu haina gharama, lakini kanuni iliifanya iwe mali ya mwenye zaidi ya shilingi milioni 2. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu wakati huo, mwaka 2020 na tena mwaka 2022, na wanafunzi wanaweza kuziweka matoleo yote matatu mezani wakaona ni kipi kilichoondolewa na kipi kilichobaki. Kazi hiyo ina faida kuliko kubishana kuhusu vichwa vya habari, ambavyo mara nyingi huandikwa na mtu ambaye hajaisoma kanuni yenyewe.

Mhandisi wa Njiro

Mwanasheria, hoja ya tarehe imenikaa, na siipingi. Ninachoomba ni kwamba sababu ya usajili isifichwe. Utapeli wa kutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasiokuwapo ulikuwa tatizo la kweli, na alama ya kidole inazuia sehemu ya utapeli huo kwa sababu kidole kilichopo mbele ya mashine hulinganishwa na alama zilizotunzwa NIDA chini ya namba hiyo ya kitambulisho, na si na karatasi inayoweza kughushiwa. Mwanafunzi akijua hivyo, ataweza kukubali kwamba hitaji lilikuwapo na bado akahoji utaratibu uliotumika.

Wakala wa Mbuyuni

Niongeze jambo moja juu ya vidole, kwa sababu niliwasajili watu kwa mikono yangu. Waliopata taabu zaidi mbele ya mashine ile walikuwa wazee na watu wa kazi ngumu, wakulima na mafundi ujenzi, ambao ngozi ya vidole vyao imesuguliwa mpaka mistari yake haionekani vizuri. Tuliwaambia wanawe mikono, wajaribu kidole kingine, warudi kesho. Mhandisi atasema ni udhaifu wa kiufundi, na ni kweli. Lakini kusema kwamba laini ya mzee huyo nayo ifungwe tarehe ileile na ya kijana wa ofisini, huo si udhaifu wa mashine. Nadhani hapo ndipo wanafunzi wangebishana vizuri, maana kila mmoja ana babu au bibi aliyepitia hayo.

Mwalimu wa Moshi

Ninawashukuru sana, na nitayatumia haya yote. Nimeamua mada ijayo iwe hii: "Sheria ya ulinzi wa taarifa ilipaswa kutangulia usajili wa laini kwa alama za vidole." Kila upande utalazimika kwanza kueleza jinsi ulinganishaji wa alama za vidole unavyofanyika, na asiyeweza hataruhusiwa kuendelea na hoja yake. Majina ya vyama na ya wagombea hayatatajwa, na nitawaeleza wazazi mpaka huo kabla ya siku yenyewe.

Swali la nyongeza kwa Mwanasheria: nimesikia kwamba Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo hapo Arusha imewahi kuamua mashauri yanayohusu vyombo vya habari. Je, yanawafaa vijana wa umri huu, na je, inawezekana kuwapeleka wakasikilize?

Mwanasheria wa Arusha

Yanawafaa. Waanze na uamuzi wa Machi 28, 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu dhidi ya Serikali. Mahakama ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi na vya kashfa kama kosa la jinai, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2023 Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo. Uamuzi huo ni mrefu na umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kwa hiyo wachagulie kurasa chache zinazoeleza kwa nini maneno yasiyo na tafsiri ya wazi ndani ya sheria ni hatari kwa anayeandika.

Waonyeshe pia kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kufungua shauri pale bila kuzipitia kwanza mahakama zote za nchini, ila anapewa miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu alipokijua. Muda huo mfupi wenyewe ni mada ya mdahalo.

Kuhusu kuwapeleka, mashauri husikilizwa hadharani. Andika barua kwa Msajili wa Mahakama mapema, utaje idadi ya wanafunzi na tarehe mnazopendelea, na uulize ratiba ya vikao kabla ya kukodi gari, kwa kuwa majaji wengi hawakai Arusha mwaka mzima na vikao huja kwa vipindi. Ukinijulisha tarehe, nitakuja kukaa na vijana baada ya kikao ili niwaeleze walichokisikia.