Dada anataka nimsaidie kumkamata mpwa wangu usiku apelekwe rihabu (kituo cha kuacha dawa za kulevya), na mimi nilikamatwa hivyohivyo

mjomba_arua
Habari zenu jamani, nauliza hasa nyie mliopitia, sio wanaosikia tu.

Nilikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, wakati wa likizo. Bangi na mairungi (miraa) vilishanikolea, nilishauza simu ya baba na redio ya jirani. Saa tisa usiku wanaume wanne wakaingia chumbani, mmoja akanikalia miguu, mama kasimama mlangoni kashika viatu vyangu vya shule. Alikuwa amevipiga rangi. Hakuna aliyeniambia tunaenda wapi, nilikuja kujua asubuhi tulipofika getini, kituo kiko nje ya Kampala, nikakaa miezi mitano.

Sasa mtoto wa dada yangu ana miaka 15, amefukuzwa shule ya pili hii, anavuta na nahisi kuna kingine anatumia maana macho yake siyaelewi. Dada amepata kituo, wana gari lao wanakuja kuchukua usiku, wamemwambia atafute mwanaume wa familia akae na mtoto kiti cha nyuma amshike. Akanipigia mimi. "We ni mjomba wake, na si wewe ulipona?"

Ni kweli nilipona, mwaka wa tisa huu sijagusa kitu. Lakini sijui kama ni wao walioniponya ama nilikua tu. Na tangu siku ile sijawahi kulala usingizi mzito kwa mama, mpaka leo nikienda Arua kusalimia nasogeza kitanda nyuma ya mlango. Nimuache mtoto apotee au niende nimshike? Nyie mngefanyaje?

mtoto_wa_baraki
Kaka nenda umshike. Mi nilikuwa wa waragi ya pakiti, ile pombe kali, kipindi kile kabla hazijapigwa marufuku 2019, unanunua kama pipi, unaificha kwenye soksi unaingia nayo darasani. Tulikuwa watatu tunakunywa pamoja nyuma ya kota. Wawili nimewazika, mmoja hata ishirini hakufika. Mimi niko hai kwa sababu baba alinifunga mikono na mkanda wake wa kazi akanirusha kwenye pikapu. Ungeniuliza siku ile ningekataa, na ningekataa kesho yake na keshokutwa. Mtu anayezama humuulizi kama anataka kuvutwa. Miaka 15 bado ni mtoto, akili yake saa hii sio yake, wazazi ndio wanaamua.

nyabo_wa_jinja
Pole sana na wenzako, kwa hilo sibishani na wewe. Lakini kumvuta mtu majini ni dakika mbili, mimi nilikaa miezi minane.

Kwetu ilikuwa mzunguko. Kila jioni baada ya kula posho (ugali) mnakaa duara kwenye saruji, mmoja anasimama katikati, wengine wanampigia kelele mwongo, mwizi, malaya, mpaka akiri. Nilikuwa nimeshakiri bangi wiki ya kwanza lakini ilikuwa haitoshi, kila siku wanataka jipya, usipotoa hulali, yani unasimama hivyohivyo mpaka saa saba usiku. Nikatunga. Nikasema nimelala na wanaume wa stendi kwa pesa. Nilikuwa na miaka 17 sijawahi kulala na mtu yeyote. Wakanipigia makofi wakanikumbatia, nikalala. Siku ya wageni wakamwita baba wakanilazimisha nirudie mbele yake. Nilipotoka nilimwambia baba kwamba ni uongo, akasema sawa, lakini mpaka anaingia kaburini hakuwahi kunitazama machoni tena.

Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, nilitaka kujua ule mzunguko ulitoka wapi. Kumbe ni kitu cha zamani, Marekani. California kulikuwa na Synanon, kikundi cha watu wa kuacha dawa za kulevya, ilianza 1958, watu wanakaa duara wanamshambulia mmoja kwa maneno, wao waliita Game. Wale walikuwa watu wazima. Halafu mtindo wa aina hiyo ukapelekwa kwa watoto, Florida kukawa na vituo vya vijana, The Seed 1970, alafu Straight 1976. Mwaka 1974 ripoti ya Seneti ikafananisha mbinu za The Seed na zile za Korea Kaskazini za kubadilisha watu akili, na bado Straight ikafunguliwa na ikakua. Kuna kijana wa chuo alienda kumtembelea mdogo wake pale Straight, wakamzuia na yeye asitoke, akawashtaki na 1983 akapewa fidia ya dola 220,000. Na bado mwaka 1985 Nancy Reagan, mke wa Rais wa Marekani, alimpeleka Princess Diana kutembelea. Imekuja kufungwa 1993. Mtoto mpya alikuwa haruhusiwi kutembea peke yake, mwenzake anamshika nyuma kwenye suruali hata akienda chooni. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje, maana na mimi nilishikwa hivyohivyo, hapahapa Uganda, mkono uleule mgongoni.

kaka_wa_funguo
Nimesoma nikafunga nikarudi mara tatu. Nyabo, mimi ndo nilikuwa nashika.

Sio wewe, kituo kingine, lakini nilikuwa nashika. Ukikaa miezi mitatu bila kosa unapandishwa, unapewa funguo za bweni, unakula wa kwanza, unapiga simu nyumbani. Nilikuwa na miaka 17, sina mafunzo yoyote, nalinda watoto 22 usiku. Akaletwa mvulana wa waragi, siku ya pili anatetemeka, anaona wadudu ukutani. Sisi wote tulitetemeka tulipoingia, tukajua anaigiza ili arudishwe nyumbani. Nilimmwagia jerikani nzima ya maji. Saa tisa akaanguka degedege, ulimi ukakatika kwa meno, na funguo ya ofisini iliko simu sikuwa nayo, nikagonga ule mlango wa bati mpaka kulipokucha. Alipona. Nilikutana naye baadaye mjini akanisalimia vizuri tu, "kaka habari", nikashindwa kujibu.

Baadaye ndo daktari akanieleza kwamba mlevi wa muda mrefu akikatishwa pombe ghafla bila dawa anaweza kufa. Na mtu wa unga (heroini) ni kinyume, arosto, yale maumivu ya kukatishwa, yenyewe ni mateso lakini hatari kubwa iko akitoka, mwili umeshasahau, akirudia kile kipimo chake cha zamani pumzi inakata. Kwa hiyo ukimfungia mtoto ndani miezi mitano bila daktari na bila mpango wa akitoka, unaweza kuwa unamtayarishia kifo, na familia itasema alikuwa mkaidi.

mjomba, mwambie dada aulize kituo nani anashika funguo usiku. Wakimjibu "wale wa zamani" basi ajue ni mtoto kama mimi. Na aulize kama anaweza kufika Jumanne yoyote bila taarifa na kukaa na mwanae wawili tu.

mtoto_wa_baraki
Kaka wa funguo umenikumbusha mambo. Kwetu pia walikuwepo, na nilipigwa, sikuandika pale juu kwa sababu baba yangu yuko hai na nampenda na sitaki aonekane mbaya. Naona niseme tu.

Lakini bado nauliza, mama afanye nini? Mtoto anauza sufuria, haongei, anatoroka, ukisema Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Kampala, majirani wanasema kichaa. Hawa watu wa gari wanakuja kwa sababu hakuna mwingine anayepokea simu saa tano usiku.

nyabo_wa_jinja
Hapo uko sahihi kabisa na inaniuma. Ila Butabika wana kitengo cha pombe na dawa, wana madaktari, na kwa wa unga wana methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha. Na siku hizi iko Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, imeondoa ile ya zamani, hata mtu kulazwa bila kutaka kuna utaratibu wake, sio wanaume wanne na gari. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi vituo vya kulazimisha vifungwe. Kichaa waseme, maneno ya jirani utayazoea.

mjomba_arua
Asanteni, nimewasoma wote, wa funguo Mungu akupe usingizi.

Jana nilienda kwa dada. Nilimwambia habari ya viatu, kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, akalia, akasema mama alivipiga rangi vile viatu masaa mawili, alikuwa anaogopa nitaonekana sina kwetu. Sikulijua hilo. Nimemwambia kwenye gari siingii.

Alafu nikakaa na kijana nje, kwenye ngazi. Kumbe habari ya gari alishaisikia, wiki nzima analala na nguo. Hakuniambia anatumia nini, sikumlazimisha. Nikamwomba Jumatatu twende Butabika aonane na mtu, mimi nangoja nje na tukimaliza tunarudi wote. Alinyamaza sana. Akasema atakuja, lakini tupande taksi ya watu wote, na yeye akae dirishani.